Fahamu: Kwa nini anayeanza kazi Kibati hushangazwa na baridi?

Kibati, mashariki mwa Kongo, iko karibu na ikweta, kwa hiyo mgeni anayepangiwa kazi huko Novemba huja na mashati mepesi. Jioni ya kwanza humfunza adabu. Kijiji kiko kwenye barabara ya Goma–Rutshuru, chini ya volkano ya Nyiragongo yenye mita 3,470. Baridi yake ni ya mwinuko na mvua, maana majira ya baridi ya Ulaya huku hayapo.

Ajabu ni kwamba mvua inanyesha na maji ni shida. Mawe ya lava yanayafyonza, vijito havipo, hivyo watu hukinga maji ya paa la mabati kwa mapipa na bidoni. Kwanza tafuta nyumba yenye mfereji mzuri kwenye paa, kitanda kitafuata.

Joto hutoka kwenye makaa, yanayoteremshwa pia Goma kwa chukudu, yaani baiskeli ya mbao ya kusukuma, magunia yamefungwa kwa kamba hadi msukumaji haonekani. Usilale na jiko chumbani: moshi usioonekana unaua.

Na mshahara? Baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma Januari 2025, benki zilifungwa. Kabla ya kusaini mkataba, uliza utalipwa kwa njia gani.