Fahamu: Mateka wa Kiitaliano waliobaki Nyeri

Mathari, nje kidogo ya mji wa Nyeri, pana kanisa ambalo kuta zake zimehifadhi mabaki ya Waitaliano zaidi ya 600. Walifikaje huko?

Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari Waafrika wa King's African Rifles (KAR), yaliuvunja utawala wa Italia nchini Ethiopia na Somalia. Mwezi Mei, Amedeo wa Aosta, aliyetawala huko kwa niaba ya mfalme wa Italia, alisalimu amri Amba Alagi. Maelfu ya Waitaliano wakaletwa Kenya na kuzungushiwa seng'enge katika kambi kama za Nanyuki na Nyeri. Wengi walifanyishwa kazi za barabara, na kanisa dogo la Mai Mahiu, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, walilijenga mwaka 1942.

Huko Nanyuki, mateka mmoja, Felice Benuzzi, alikuwa akiutazama Mlima Kenya kila mawingu yalipofunguka. Januari 1943 alitoroka na wenzake wawili, wakiwa na vifaa vya kupandia walivyojiundia kwa siri. Kilele cha Batian kiliwashinda, lakini bendera yao waliisimika kwenye kilele cha Lenana, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe.

Aosta hakurudi kwao. Alifia Nairobi Machi 1942, akiugua kifua kikuu na malaria, na kaburi lake limo Mathari, katikati ya askari wake.