Kabla Hujatuma Pesa ya DAC, Jaribu Hivi Kwanza

Mteja wetu mmoja wa Siakago alituuliza swali akiwa na shilingi 4,500 kwenye akiba ya simu. Muuzaji wa Nairobi alikuwa amemwambia kwamba kidude kinachoitwa DAC kitafanya woofa yake ya nyumbani itoe sauti kama ya studio. Atume pesa ama aache?

Wimbo ulio kwenye simu yako ni nambari tupu. CD, kwa mfano, hubeba nambari 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. Spika haijui nambari. Inajua umeme unaopanda na kushuka, na DAC ndiyo inayogeuza nambari kuwa umeme huo. Jambo ambalo wauzaji wengi hawakuambii ni kwamba tayari unayo. Iko ndani ya simu, TV, laptop, hata ndani ya woofa inayosoma flash. Unayoambiwa ununue ni ya pili.

Tulimuuliza anachezaje muziki. Kwa Bluetooth, akasema. Basi hapo maneno yameisha: kwa Bluetooth simu hutuma nambari tu, na woofa huzigeuza yenyewe. DAC uliyochomeka kwenye simu haiguswi kabisa. Tulimshauri akae na pesa yake.

Kwa wengine pia, mara nyingi tatizo liko kwingine. Nyimbo za WhatsApp ama za kujaziwa kwenye flash huwa zimebanwa, na kilichokatwa hakirudishwi na kifaa chochote. Halafu kuna nyumba yenyewe. Mabati juu, simiti chini, sauti inagonga kila mahali kabla ifike sikioni. Toa woofa kwenye kona, weka pazia nzito na mkeka, kisha usikilize tena. Hiyo ni bure.

Lakini kuna mahali DAC inafanya kazi ya kweli. TV nyingi mpya hazina matundu ya waya nyekundu na nyeupe ambayo woofa za zamani hutumia; zina tundu la kebo ya mwanga lililoandikwa OPTICAL. DAC ndogo ya bei ya chini inaziunganisha vizuri tu. Kwenye mipangilio ya sauti ya TV chagua PCM, la sivyo unaweza kupata kimya ama kelele, udhani umeuziwa kitu kibovu. Na kama laptop inavuma ikiwa kwenye chaja, chomoa chaja kwanza. Mvumo ukiisha, ujue unapitia kwenye nyaya za umeme, na DAC ya USB inaweza kuubeba vilevile.

Bado unaona itasaidia? Azima moja, pengine kwa fundi wa sauti wa kanisani. Mwambie mtu abadilishe waya huku umegeuka, asikuambie ni ipi inacheza. Sauti ziwe na ukubwa sawa. Pima kwa programu kwenye simu nyingine. Hapa ndipo watu hudanganyika, maana sikio hupenda chenye sauti kubwa hata kama tofauti ni ndogo sana, likadhani ni ubora. Rudia mara 10. Ukipatia 6, hiyo ni bahati tu. Ukipatia 9, kweli kuna kitu unasikia.

Ukiamua kununua, mzigo pengine utapandishwa matatu kutoka Nairobi, na hutaujaribu kabla ya kulipa. Omba kulipa ukishaupokea. Muuzaji akikataa, lipa kwa nambari ya till ya duka, usitume kwa nambari ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kukubali malipo. Swali la kurudisha bidhaa muulize kwa maandishi, kabla ya kulipa, na ujumbe wa malipo usiufute hadi woofa iwe imecheza siku kadhaa.