Si karuho: kinacholisumbua tumbo baada ya kuhara

Mwezi Julai 1994, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Kivu Kaskazini kwa siku chache tu. Walijaa mabarabarani Goma, kisha wakapelekwa kambi za Kibumba, Katale na Mugunga, juu ya mawe ya volkano yasiyochimbika, si kwa choo, si kwa kaburi. Wengi walichota maji Ziwa Kivu. Tarehe 20 kipindupindu kilithibitishwa. Mwezi mmoja baadaye karibu watu 50,000 walikuwa wamekufa.

Wengi husahau kwamba yalikuwa maradhi mawili. Kipindupindu kilipopungua, kuhara damu kukashika zamu. Yote mawili huingia kwa maji machafu na mikono michafu, lakini yakishafika tumboni kila moja lina kazi yake.

Ukuta wa utumbo una mtandao wake wa neva, mamilioni kwa mamilioni, unaoamua lini misuli ibane, lini ilegee, na maji kiasi gani yatoke au yanyonywe. Haungoji amri ya ubongo. Sumu ya kipindupindu, ambayo Sambhu Nath De aliithibitisha Calcutta mwaka 1959 kwa matumbo ya sungura, hushika seli za utumbo mdogo na kuzilazimisha zimwage chumvi, maji yanafuata. Maelezo mengi huishia hapo, na hilo ni kosa. Ove Lundgren na wenzake wa Göteborg, Sweden, walionyesha kwa wanyama kwamba neva za utumbo zikitiwa ganzi, sehemu kubwa ya maji hayo haitoki tena. Sumu huchochea seli fulani kutoa kemikali iitwayo serotonini, serotonini inaziamsha neva, nazo neva zinaamuru seli nyingine zimwage maji.

Hata hivyo ukuta haujachubuka. Ndiyo sababu hakuna damu, na ndiyo sababu maji ya chumvi na sukari yanaokoa: mlango unaopitisha sukari na chumvi pamoja bado uko wazi. Dilip Mahalanabis alilithibitisha hilo mwaka 1971 katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, serumu za mshipani zilipomwishia.

Kuna hatari moja ambayo familia nyingi haziijui. Kuhara huondoka na potasiamu, madini ambayo misuli haiwezi kufanya kazi bila hayo. Ikipungua mno, utumbo unalegea, tumbo linajaa na kunyamaza. Walio kando ya kitanda wanaona kuhara kumekoma, wanashukuru Mungu, kumbe mgonjwa anazidiwa.

Shigella, bakteria wa kuhara damu, ni mkali kwa namna nyingine. Hujipenyeza ndani ya ukuta wa utumbo mpana, askari wa mwili wanamiminika kumkabili, na vita hivyo vinauvimbisha na kuuchubua ukuta wenyewe. Aina iliyopiga kambi za Goma hutoa pia sumu ya Shiga, inayoharibu mishipa midogo ya damu na inayoweza kufika hadi figo. Kemikali za uvimbe huzichokoza neva za maumivu, misuli inabana hovyo: mtu anakimbia chooni, anakamua kwa machozi, anapata kijiko cha kamasi na damu, na kabla hajanawa anaitwa tena. Hapo usimpe vidonge vya kufunga tumbo. Vinazuia misuli kuwatoa bakteria nje, na ugonjwa unaweza kurefuka.

Bakteria wakishaondoka, neva huchelewa kutulia. Mwaka 2000 maji ya bomba ya Walkerton, Kanada, yalichafuliwa na bakteria. Watu zaidi ya 2,000 waliugua, na miaka kadhaa baadaye wengi walikuwa bado na tumbo linalojaa gesi, linalouma, leo kuhara, kesho kufunga. Kwa jumla, karibu mtu 1 kati ya 10 aliyeugua maambukizi ya utumbo hubaki hivyo. Hata mfuko wa chakula unaweza kuwa mzito, mtu akashiba kwa vijiko vitatu vya fufu.

Hapa kwetu Kivu mtu wa namna hiyo huambiwa ana karuho, kwamba kuna mtu alimtilia sumu kwenye chakula. Anapewa dawa ya kutapisha, jirani anashukiwa, undugu unavunjika. Sumu ilikuwepo kweli, lakini aliyeitengeneza ni bakteria, na huenda ilimfikia kwa bidoni iliyochotwa ziwani, kama ilivyokuwa tena Januari 2025 vita vilipokata umeme na maji ya mji wa Goma.

Kwa hiyo ukiwa na tumbo la namna hiyo, mweleze muuguzi uliwahi kuharisha lini na kama kulikuwa na damu. Na ukiona damu sasa, homa, au unakonda, nenda kituo cha afya leo hii.