Kenya: Njia zinazobaki baada ya kukosa kozi ya chaguo la kwanza

Kila mwaka KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni nchini Kenya, inapotoa matokeo ya udahili, vijana wengi hugundua kuwa wamepelekwa kwenye kozi ambayo hawakuitaka. Kwa jamaa waliozoea kumwita mtoto wao “daktari” tangu akiwa kidato cha pili, habari hiyo hupokewa kama msiba. Kijana huzima simu na kujifungia chumbani, kwani swali jepesi la jirani, “Umeitwa chuo gani?”, limekuwa gumu kulijibu.

Sehemu kubwa ya uchungu huo hutokana na dhana kwamba alama ya kuingilia kozi ni kipimo cha uwezo kilichowekwa na chuo. Sivyo. Alama hiyo ni ile tu aliyokuwa nayo mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi. Waombaji wakiongezeka hupanda, wakipungua hushuka. Sifa ya chini ya kusoma shahada ni wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, na mwaka 2024 watahiniwa 246,391 waliufikia au kuupita. Nafasi za udaktari, uhandisi na sheria ni chache mno mbele ya idadi hiyo.

Hesabu yenyewe huwashangaza hata wazazi wasomi. Huchukuliwa alama za masomo manne yanayohusiana na kozi, ambazo upeo wake ni 48, na jumla ya masomo saba, ambayo upeo wake ni 84. Kila moja hugawanywa kwa upeo wake, majibu huzidishwa pamoja, hutafutwa kipeuo cha pili, kisha huzidishwa kwa 48. Mwanafunzi mwenye 40 katika masomo manne na 70 katika saba hupata 40 kamili. Mwenzake mwenye 40 ileile lakini jumla ya 63 huishia 37.9. Wamelingana katika masomo ya kozi. Aliyeachwa nyuma ameangushwa na masomo mengine, pengine historia au dini, ambayo hakuyatilia maanani. Katika kozi inayogombewa, pengo hilo linatosha kumtoa kabisa.

Nchini Tanzania mwombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni, hivyo anaweza kudahiliwa na zaidi ya kimoja. Kenya hutoa nafasi moja kwa kila mwombaji, na hiyo ndiyo sababu siku zinazofuata matangazo zina thamani kubwa. Aliyekosa machaguo yake yote huruhusiwa kuchagua upya miongoni mwa kozi zilizosalia na nafasi. Aliyepangiwa asikokutaka anaweza kuomba uhamisho, mradi alama zake zinafikia zile za kozi anayoitaka na nafasi ipo. Madirisha haya hufunguliwa kwa muda mfupi. Wapo wanaoikosa fursa hiyo si kwa alama, bali kwa sababu walikuwa bado wanaomboleza.

Njia ya stashahada ni ndefu zaidi, nayo hudharauliwa bila sababu ya haja. Stashahada nyingi hudai wastani wa C-. Chukua mfano wa kijana aliyetaka udaktari akapata wastani wa C. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, hufundisha stashahada ya tiba ya kliniki kwa miaka mitatu, na sifa ya kuingilia ni wastani huohuo wa C, pamoja na alama zinazotakiwa katika masomo maalumu. Wahitimu wake, maafisa wa kliniki, huwapima wagonjwa na kuwaandikia dawa, na katika vituo vingi vya vijijini ndio mgonjwa anaokutana nao kwanza. Anayetaka kuendelea anaweza kusomea shahada ya tiba ya kliniki katika baadhi ya vyuo vikuu. Shahada hiyo si ile ya udaktari, na ni vyema mzazi aambiwe hivyo mapema, kabla hajauza ng’ombe.

Kujilipia ada kamili ni njia nyingine, iwapo familia inaimudu. Kurudia KCSE kama mtahiniwa binafsi kunaruhusiwa pia, ingawa anayerudia huwa amekubali kukaa mwaka mzima akisubiri bila hakika ya alama bora.

Kwa anayechagua stashahada, swali la kuuliza kabla ya kulipa karo ni moja: chuo kikuu anachokusudia kujiunga nacho baadaye kinaitambua stashahada hiyo, na kitamhesabia masomo mangapi aliyokwisha kuyasoma? Jibu hilo liombwe kwa maandishi, kwa kuwa vyuo havina utaratibu mmoja.