Mchoro wa Magofu ya Kanisa Kuu la Coventry na Kazi Yake katika Kumbukumbu za Taifa

Usiku wa Novemba 14, 1940 ndege za kivita za Ujerumani ziliushambulia mji wa Coventry, katikati ya Uingereza. Zaidi ya watu 500 walipoteza maisha. Mabomu ya kuwasha moto yaliangukia pia Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli, jengo la karne ya 14, na hadi kunakucha paa lote lilikuwa limeteketea. Yalisalia kuta za nje na mnara wenye kilele chake.

Asubuhi iliyofuata aliwasili John Piper, msanii aliyetumwa na kamati iliyokuwa chini ya Wizara ya Habari ya nchi hiyo. Kamati hiyo, iliyoongozwa na Kenneth Clark, iliwapa wasanii jukumu la kuiandikia Serikali historia ya vita kwa michoro. Hata hivyo, kwa maelezo ya Piper mwenyewe ya baadaye, aliona haya kutoa karatasi mbele ya watu waliokuwa wakifukua vifusi kutafuta miili. Aliingia katika ofisi ya wakili iliyokuwa jirani, mfanyakazi mmoja akasogeza mashine yake ya kuchapia, naye akachora akiwa dirishani.

Kazi ya namna hiyo huanza kwa kuchora haraka papo hapo, na penseli huifaa sana. Haihitaji maji wala muda wa kukauka. Kiini chake ni mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi na kinywe, madini yaleyale yanayopatikana Mahenge mkoani Morogoro. Kwa kuwa kinywe ni kaboni, mstari wake haupaushwi na mwanga kama zinavyopaushwa wino nyingi. Udhaifu wake ni kufutika kwa kusuguliwa, ndiyo maana watunza nyaraka hutenganisha michoro ya penseli kwa karatasi laini isiyo na asidi.

Kutokana na michoro yake ya siku ile, Piper alitengeneza picha za rangi ya mafuta. Moja ipo Manchester, na nyingine, inayoonesha ndani ya kanisa, ipo Coventry kwenyewe.

Picha hizo zina mipaka ambayo mtazamaji anapaswa kuifahamu. Hazioneshi maiti hata mmoja. Kazi za wasanii wa kamati zilipitiwa na wakaguzi wa Serikali kabla ya kuoneshwa hadharani, na Wizara ilikuwa na haja ya kulinda ari ya wananchi. Kuta zilizoungua zilibeba uzito wa msiba ambao haukuchorwa. Anayeitumia picha hiyo kama ushahidi wa jengo anatumia kitu sahihi. Anayetafuta humo hesabu ya waliokufa hana budi kwenda kwenye rejista za maziko.

Vita vilipomalizika, yalifanyika mashindano ya kusanifu kanisa jipya. Mshindi wa mwaka 1951, Basil Spence, alipendekeza magofu yasibomolewe, na kanisa jipya lijengwe kando yake. Liliwekwa wakfu Mei 25, 1962. Dirisha kubwa la vioo vya rangi katika sehemu ya ubatizo lilisanifiwa na John Piper yuleyule, likatengenezwa na Patrick Reyntiens. Magofu yangali wazi kwa wageni hadi leo, bila paa.