Cheti Kwanza, Chenga Baadaye

Kabla refa wa mechi ya shule hajapuliza kipenga, kuna mechi nyingine huchezwa mezani. Walimu wa michezo wa pande zote mbili huinamia faili: nakala za vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya mtihani wa taifa, nambari za usajili wa wanafunzi, picha za pasipoti. Kidole kinafuata tarehe. Jicho linamtazama kijana, linarudi kwenye picha, linamtazama tena. Ndevu hizi ni za mwanafunzi wa sekondari kweli? Akithibitishwa kuwa mamluki, yaani mchezaji asiyestahili, timu nzima hupokonywa ushindi.

Uwanjani Silanga, upande wa chini wa Kibera, hakuna anayeulizwa cheti. Mvulana wa miaka 13 anayejua kuutuliza mpira huingizwa kucheza na wanaume wenye wake na watoto. Akifika miaka 16 ameshacheza kombe la mbuzi, kombe la mgombea udiwani, la mgombea ubunge, na pengine klabu ya ligi imeshamwita mazoezini. Kiungo wa Kenya Victor Wanyama aliichezea Nairobi City Stars ya Kawangware akiwa na miaka 15 hivi, umri wa kuwa bado darasani. Kwa kanuni ya umri ya michezo ya shule, kijana wa namna hiyo ni halali kabisa.

Sasa mchukue jirani yake. Alianza darasa la kwanza akiwa na miaka tisa kwa sababu nyumbani hapakuwa na pesa za sare. Kidato cha nne kinamkuta na miaka 20. Jioni hubeba mitungi ya maji, na klabu hajawahi kuichezea hata siku moja. Huyu ndiye anayeondolewa kikosini kwa kuwa "mkubwa".

Sisemi umri si kitu. Mwenye mwana wa miaka 15 anayecheza raga hataki aangushwe na mtu wa miaka 22, na yuko sahihi. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge alipoketi darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na miaka 84, tulimpigia makofi, lakini hakuna aliyempa jezi. Isitoshe, wapo walimu wanaowashawishi vijana waliokwisha kumaliza shule warudi shuleni, karo wakilipiwa na cheti kikipatikana kwa njia wanazozijua wenyewe. Ila kanuni yenyewe iliwekwa kuzuia nini? Mwili uliokomaa, au ujuzi uliokomaa? Tumevichanganya viwili hivyo, kisha tukaitwika karatasi moja mzigo wote.

Na karatasi yenyewe Kibera ina historia yake. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi sita. Aliyezaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, huanzia kwa naibu wa chifu, na wazazi wengi hawakumbuki jambo hilo mpaka shule idai cheti. Hapo tarehe hutoka kwenye kumbukumbu ya mama, au ya nyanya. Kwa watoto wa Wanubi wa Kibera shida ilifika mbali zaidi: Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki zao za kuandikishwa na kupata uraia tangu kuzaliwa.

Sayansi nayo ina mpaka. FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa MRI kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009. Kipimo hicho hutazama kama mfupa umekwisha kuungana. Kwa vijana wa miaka 18 au 20 hakina la kusema.

Wamarekani walilijaribu swali kwa upande mwingine, na sisi tulikuwamo. Henry Rono wa Nandi, aliyekuwa mwanajeshi, aliingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1976 akiwa na miaka 24. Mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Makocha wa vyuo vingine walinung'unika. Kabla ya hapo chuo cha Howard kilikuwa kimepokonywa ubingwa wa soka wa 1971, na mwaka 1973 mahakama ikaikataa mojawapo ya kanuni zilizotumika, ile iliyowabana wachezaji wa kigeni peke yao. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilikuwa na kanuni ya wote: kila mwaka uliocheza mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 20, kabla ya kujiunga na chuo, unakatwa kwenye miaka yako ya kuchezea chuo. Wengi waliiona imewalenga Waafrika, na sioni sababu ya kuwabishia. Hata hivyo iliuliza swali ambalo meza zetu haziulizi: kabla ya kufika hapa, ulikuwa ukicheza wapi?

Kwa soka, jibu linaweza kupatikana. Klabu husajili wachezaji wao katika shirikisho, majina yamo kwenye mfumo. Kadi ya klabu iwekwe mezani kando ya cheti. Kombe la mbuzi lisihesabiwe, maana pale hata refa huwa ni mjomba wa mtu. Msimu wa ligi ya taifa uhesabiwe.

Mzazi wa Silanga atanikatiza hapa: mpira ndio karo ya mwanangu, ukimzuia atasomaje? Basi asizuiwe. Kila shule iruhusiwe wawili waliokwisha kucheza ligi uwanjani, na nafasi tisa zilizobaki zigombaniwe na wanafunzi wengine, yule wa mitungi akiwamo.