Baraka: Fotokopi ya mchoro inaweza kupunguza mita za parseli

Tangu Oktoba 2005, wakimbizi walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma, Tanzania, hadi Baraka, kuna waliorudi Fizi na kukuta viwanja vyao vinakaliwa na wengine. Katika ugomvi wa namna hiyo, mchoro wa parseli hutolewa kama ushahidi. Lakini ni lazima usomwe kwa eshele ya kweli.

Eshele ya 1/500 maana yake sentimeta 1 kwenye karatasi ni sentimeta 500 ardhini, yaani mita 5. Parseli ya mita 20 kwa 30 inachorwa kwa sentimeta 4 kwa 6.

Shida inaanza kwenye fotokopi. Mchoro ukipunguzwa kutoka karatasi ya A3 hadi A4, upande wa sentimeta 4 unabaki karibu 2,8, lakini maandishi “1/500” hayabadiliki. Anayezidisha 2,8 kwa 500 anapata mita 14. Mita 6 zimepotea, na jirani anaweza kuzidai.

Ili kuhakikisha, pimeni ardhini upande ambao hakuna anayeubishia, kwa mfano ule wa barabarani. Ukiwa mita 20, ugeuzwe kuwa sentimeta 2000, kisha ugawanywe kwa 2,8. Jibu ni 714: eshele ya nakala hiyo ni karibu 1/714. Upande wa pili, wenye sentimeta 4,2, ukizidishwa kwa 714 unarudisha mita 30.

Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, hati inayothibitisha haki ni “certificat d'enregistrement”. Mchoro peke yake hautoshi.